Korongo Lililofagiliwa

Mama yake Twiga alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo tangu milango ilipofunguliwa, na kila askari aliyepita alimwambia asubiri. Alikuwa fundi cherehani. Utepe wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni, alivyotoka nao kazini, na vidole vyake viliusokota na kuusokotoa kama vinataka kuunyonga.

"Wewe ndiye Koleo?" alimuuliza inspekta alipokanyaga kizingiti.

"Ndivyo wanavyoniita."

"Nasikia ukishika kitu huachii. Basi mshike mwanangu umtoe humo ndani. Au nishike mimi unitie naye. Chagua moja, maana kukaa hapa nimechoka."

"Kesi ya mwanao si yangu, mama."

"Sasa ni yako. Nimekwambia wewe."

Koleo alimpita, akaingia ndani. Ofisini, mkuu wa kituo alikuwa anakunywa chai huku ameegemeza kiwiko kwenye faili jembamba. Alilisukuma mbele bila kuinua macho.

"Weka sahihi hapo chini. Kesho asubuhi kijana anakwenda mahakamani. Mauaji."

"Nani kapeleleza?"

"Sajini."

"Basi Sajini aweke sahihi."

"Sahihi inayotakiwa ni ya mpelelezi mkuu, na mpelelezi mkuu ni wewe, kwa bahati mbaya." Mkuu akafuta mdomo. "Usinianzie, Koleo. Kitu chenyewe kiko wazi. Ile kambi ya mlimani inafundisha watoto kukaa msituni wakati wa likizo. Kupiga hema, kuwasha moto, kufunga majeraha, la kufanya wakipotea. Ijumaa ilikuwa mtihani. Wawili wawili, wanauzunguka mlima na kurudi. Jozi moja, wale wanaoitwa Twiga na Kamusi, akarudi Twiga peke yake. Kanyamaza kimya mpaka giza limeingia. Jumamosi asubuhi mkufunzi mkuu kamkuta Kamusi korongoni, maiti. Na mfukoni mwa Twiga tumekuta nini? Miwani ya marehemu. Unataka nini zaidi, picha ya harusi?"

"Kamusi kafa saa ngapi?"

"Hapo hapo alipoangushwa. Kila mtoto alivalishwa filimbi shingoni. Angekuwa hai angepuliza, kambi si mbali. Haikusikika hata filimbi moja."

"Hayo kasema daktari?"

"Kasema mkufunzi. Ripoti ya daktari bado."

Koleo alilifungua faili, akaliona lilivyo, akalifunga. Maelezo ya mkufunzi yalijaza kurasa. Ya mtoto yalikuwa mistari mitatu, na mwandiko ulikuwa wa Sajini.

"Umefunga faili la mauaji daktari hajafungua mdomo," alisema. "Unamtia mtoto wa miaka kumi na sita jela kwa maneno ya mtu ambaye ndiye aliyekabidhiwa watoto."

"Kambi ile ina wenyewe, Koleo. Wanapiga simu tangu jana."

"Waambie waongeze salio."

*

Twiga alikuwa mrefu kweli. Alikaa sakafuni mwa selo, magoti yamefika kidevuni, na hakuinuka Koleo alipoingia.

"Nisimulie Ijumaa."

"Nimeshasimulia."

"Nisimulie mimi."

"Ili uandike nini? Yule mwingine nilimwambia habari nzima, akaandika kidogo kama anaandika bei ya nyanya." Kijana alipiga sakafu kwa kiganja. "Kamusi aliteleza. Udongo ulimeguka ukingoni, akaenda chini. Nikashuka. Kifundo cha mguu kimekatika, kimegeukia pembeni. Nikamfunga vijiti kwa skafu yangu na skafu yake. Nikamfunika kwa koti langu la mvua juu ya lake, maana mawingu yalishajikusanya. Nikamwambia asisogee, apulize filimbi mara tatu, apumzike, apulize tena. Mkiwa wawili na mmoja kaumia, ndivyo inavyotakiwa. Mzima anakwenda kuita. Hilo swali hata Kamanda aliliuliza darasani."

"Kamanda ndiye nani?"

"Mkufunzi mkuu. Mwenyewe anataka tumwite hivyo."

"Na miwani?"

Twiga alimtazama kwa mara ya kwanza. "Alinipa. Alisema, 'Kamanda hatakuamini, atadhani tunakwepa mtihani. Mpelekee miwani yangu, anajua siwezi kuivua.' Kioo kimoja kilikuwa kimeshachomoka. Nikaenda mbio nayo mkononi. Nikamwonyesha Kamanda. Unajua alisema nini? Alisema, 'Mmepanga vizuri mwaka huu, mmeniletea mpaka ushahidi.' Akanipigisha magoti nyuma ya jiko."

"Saa ngapi?"

"Jua bado liko juu. Kengele ya chai ya jioni ilikuwa haijapigwa. Kila nikifungua mdomo ananiongezea adhabu. Mvua ikaja, nikapiga kelele nyingine, akanifungia stoo."

"Nani alikusikia?"

"Watu wote walinisikia, mzee. Kunisikia si tatizo."

"Sijasema nakuamini," Koleo alisema. "Nitakwenda nione."

"Nenda. Kesho mimi sipo hapa."

*

Daktari wa chumba cha maiti alikuwa mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali. Aliposikia habari ya ripoti alivua glavu moja baada ya nyingine na kuzitupa kwenye pipa kama anamtupia mtu.

"Bado? Nimeipeleka jana. Mwulizeni mkuu wenu anaikalia au anaifungia maandazi."

"Niambie kwa mdomo."

"Huyu mtoto hakufa kwa kuanguka. Ana mguu uliovunjika na michubuko, basi. Kilichomuua ni baridi. Kalowa, kapigwa na upepo, mwili umepoa mpaka moyo umesimama. Hicho hakitokei kwa dakika moja. Kwa makadirio yangu alikata roho karibu na alfajiri."

Koleo alisogea karibu. "Usiku kucha alikuwa hai."

"Usiku kucha, na mchana uliotangulia. Njoo huku." Alifunua shuka upande wa miguu tu. Juu ya kifundo, kwenye ngozi, palikuwa na michirizi mipana iliyolala sambamba, na pembeni mwa goti mpaka chini alama mbili ndefu zilizonyooka. "Kitambaa, hapa, hapa na hapa. Na hizi ni vijiti. Alifungwa mguu angali hai, na aliyemfunga alijua anachofanya. Hakukaza mno, kaacha damu ipite. Ndani ya soksi nimekuta vipande vya gome la mti."

"Sajini kaandika maiti ilikutwa na mguu mtupu. Haina kitambaa, haina kijiti."

"Basi kuna aliyeufungua baada ya kufa, au karibu na kufa. Maiti haijifungui."

Aliinua mfuko mdogo wa nailoni. Ndani yake kulikuwa na filimbi ya plastiki, ya rangi ya machungwa, na kamba yake.

"Hii sikuiandika bado kwa sababu sielewi. Angalia mdomo wa filimbi. Meno. Kaing'ata mpaka plastiki imeingia mashimo. Na midomo yake imechubuka ndani. Huyu mtoto alipuliza, inspekta. Alipuliza na kupuliza. Sasa nyie mnasema hakuna aliyesikia."

Koleo aliupokea mfuko na kuutia ndani ya koti. Mlangoni aligeuka.

"Andika ripoti nyingine. Hiyo mpe dereva wangu mkononi."

*

Sajini alikuwa mtu mnene aliyependa barabara za lami. Kushuka korongoni alishuka kwa makalio, na kila alipoteleza alimtaja mama yake. Dereva waliyemwacha kwenye geti la kambi alikuwa na simu mkononi.

"Puliza," Koleo alisema.

Sajini alichomoa filimbi yake ya kuongozea magari, akapuliza mara tatu. Ndege waliruka. Kabla mwangwi haujakwisha simu ya Koleo ikalia.

"Naisikia kama uko hapa getini," dereva alisema. "Hata wapishi wametoka kuchungulia."

Koleo alikata simu. "Ukiwa hapa unapuliza filimbi, kambi nzima inasikia."

"Usiku kulikuwa na mvua, afande."

"Mchana je? Mtoto alianguka mchana." Koleo alichuchumaa. "Alilala wapi?"

Sajini alionyesha chini ya ukingo, sehemu tambarare yenye majani makavu. Koleo aliikodolea macho kwa muda, halafu akatazama pembeni yake, halafu akarudi tena pale pale.

"Uliikuta hivi?"

"Hivi hivi. Safi. Ndiyo maana nikasema alikufa mara moja. Hakuna purukushani."

"Sajini, wewe umewahi kuvunjika mguu?"

"Mkono, nilipokuwa mdogo."

"Ulilala kimya kama bibi harusi?"

"Nililia mpaka majirani wakaja."

"Mtoto amelala hapa mchana na usiku, mguu umekatika, mvua inampiga. Angechimba udongo kwa kisigino cha mguu mzima. Angeng'oa nyasi zilizo karibu na mkono. Angekojoa. Angevunja kijitawi angalau kimoja. Tazama kule." Alionyesha mahali pengine korongoni ambapo maji ya mvua yalikuwa yameacha matope, matawi yaliyokatika na takataka ya msitu. "Kule mvua imepita. Hapa mvua haikupita? Majani yote yamelalia upande mmoja. Hapa pamefagiliwa."

Sajini alikuna kisogo. "Nani anafagia msitu?"

Koleo alizunguka taratibu, macho chini, mpaka akafika nyuma ya kichaka. Akaokota tawi lenye majani mengi. Ncha za majani zilikuwa zimegandwa na udongo mkavu, zote kimo kimoja, kama ufagio wa nyumbani. Tawi lenyewe lilikuwa limelazwa kwa utaratibu chini ya mti uliolizaa, upande uliokatwa umefichwa.

"Mhalifu wa mjini," alisema, "angekimbia. Angeacha hapa kama palivyo, au angerusha vitu kichakani. Huyu kafagia, halafu akarudisha ufagio. Uliona kibao kilichoko getini?"

"Kile kirefu?"

"Kimeandikwa, 'Ondoka kama hukuwahi kufika.' Ndilo somo lao la kwanza. Usiache jivu, usiache kamba, rudisha jiwe ulipolitoa. Mtu akilifundisha hilo miaka nenda miaka rudi linamwingia mikononi. Sasa niambie nani alikuwa wa kwanza kumkuta marehemu, na alikuwa na nani."

Sajini hakuwa na haja ya kufungua daftari.

"Mkufunzi mkuu. Alikuwa peke yake. Wengine aliwapeleka upande wa pili wa mlima."

"Na wewe ukamshukuru kwa ushirikiano."

"Nilimpa mkono, afande."

"Kanawe."

*

Kambi haikuwa imefungwa. Hilo ndilo lililompandisha Koleo mori. Alitegemea kukuta mahema yameshushwa, watoto wamerudishwa kwao, mtu anaomboleza. Alikuta ratiba imebandikwa ubaoni na vijana wamekaa kwenye nyasi duara, wanafundishwa. Wazazi walikuwa wameambiwa kwamba mwenye hatia ameshakamatwa na masomo yanaendelea kama kawaida.

Alimtafuta mtu wa kumfungulia stoo. Aliletewa msichana aliyekuwa kiongozi wa vifaa, ambaye wenzake walimwita Redio, na haikuchukua muda kujua kwa nini.

"Hapa ni skafu, hapa kamba, hapa makoti. Kila mtu ana namba yake, ukitundika pasipo pako unafanya usafi wa vyoo. Mimi nimeshafanya mara mbili, na mara moja haikuwa kosa langu, ilikuwa…"

"Twiga namba yake ngapi?"

Redio alifunga mdomo. Kisha akasema polepole, "Kumi na saba."

Koti la namba kumi na saba lilikuwa kwenye msumari wake. Lilikuwa limesuguliwa matope, limekung'utwa, limetundikwa mabega yakiwa sawa. Chini yake, kwenye rafu, skafu ya kumi na saba ilikuwa imeviringishwa vizuri kuliko zote.

"Twiga aliporudi Ijumaa alikuwa amevaa koti hili?"

"Hapana. Alikuwa na shati tu."

"Una uhakika?"

"Mvua ilipoanza alikuwa amepigishwa magoti nyuma ya jiko. Alilowa chapachapa, anatetemeka, anapiga kelele 'Kamusi yuko kule, Kamusi yuko kule.' Nikataka kumpelekea koti langu. Kamanda akasema atakayemsogelea atapiga magoti naye." Alinyoosha kamba iliyokuwa imeshanyooka. "Mimi nikarudi hemani."

"Mbona hukumwambia Sajini?"

"Nani aliniuliza? Sajini alimwuliza Kamanda. Kamanda akajibu kwa niaba yetu. Halafu akatuita, akasema Twiga ana akili ya kihalifu, alipiga zile kelele ili apate wa kumshuhudia."

Koleo alivaa glavu, akalishusha koti. Mfuko wa kushoto ulikuwa mtupu. Kwenye mfuko wa kulia, kona ya ndani kabisa, palikuwa na kitu kigumu na chembamba. Alikitoa kwa vidole viwili, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

Kilikuwa kioo cha miwani. Kinene, cha mtu asiyeona mbali.

"Kamusi alikuwa anaona bila miwani?" aliuliza.

"Kamusi? Bila miwani alikuwa anasalimia miti," Redio alisema, na alipojisikia alivyosema akaanza kulia.

Koleo alikitia kioo ndani ya bahasha. Mtoto alikuwa amempa mwenzake fremu ili aaminiwe, akabakiza kipande kimoja ili awaone watakaokuja. Alikishika jichoni mpaka mkono ulipokufa ganzi, halafu akautia mkono mfukoni, ndani ya koti la rafiki yake. Na koti hilo, kwa mujibu wa faili, halikuwahi kufika korongoni.

"Filimbi yako unayo?" alimwuliza Redio.

"Hii hapa."

"Umeipuliza lini mara ya mwisho?"

"Kabla ya mtihani. Alhamisi jioni Kamanda alizikusanya zote, akasema anazisafisha. Asubuhi ya Ijumaa akaturudishia, akasema atakayepuliza bila dharura anarudishwa kwao na wazazi hawarudishiwi ada. Tangu hapo hakuna aliyethubutu."

"Njoo nayo."

*

Kamanda alikuwa mwanaume aliyenyooka, suruali imepigwa pasi mpaka mstari unakata, sauti ya kuzoea uwanja. Alikuwa amemlaza kijana mmoja chini na kumfunga vijiti mguuni.

"Usikaze mno," alikuwa anawaambia. "Damu ipite. Fundo lije upande wa nje." Akamwona Koleo. "Inspekta. Tunamalizia somo."

"Endelea. Na mimi nijifunze."

Koleo alikaa kwenye nyasi katikati ya vijana, koti na tai na viatu vya mjini. Wachache walicheka kwa woga. Kamanda aliendelea, lakini fundo lililofuata alilifunga mara mbili.

"Nina swali, mwalimu," Koleo alisema. "Mtu akishapona, vijiti mnavifanyaje?"

"Vinarudishwa msituni. Skafu inafuliwa, inarudi stoo. Hatuachi kitu."

"Na akishakufa?"

Kamanda alimwambia kijana aliyelala ainuke.

"Nadhani haya tuzungumze ofisini."

"Hapa pananitosha. Redio, simama. Puliza filimbi yako."

Msichana alimtazama Kamanda, akamtazama Koleo. Akaiweka mdomoni na kupuliza. Ilitoka pumzi tu, fyuu, kama tairi inayoishiwa upepo. Akapuliza tena, mashavu yamevimba. Fyuu.

"Wengine."

Filimbi za rangi ya machungwa zilipanda midomoni duara zima. Hakuna iliyolia. Kijana mmoja aliichungulia yake, akaingiza kijiti cha nyasi, kikatoka na kitu cheupe.

"Mshumaa," alisema. "Mna nta ya mshumaa humu."

Koleo aliinuka. Alitoa mfuko wa nailoni, akaushika mbele ya uso wa Kamanda, karibu mno.

"Hii ni ya Kamusi. Kaing'ata. Unaona meno? Ulimfundisha apulize, akapuliza. Mchana kutwa, usiku kucha. Uliitia nini?"

"Kila mwaka wanadanganya," Kamanda alisema. Sauti ya uwanja ilikuwa imebaki, lakini ilitoka kwa kasi. "Wanapeana ishara kwa filimbi, wanajifanya wameumia ili wafuatwe kwa gari. Mwaka jana nilipanda mlima ule mara nne kwa uongo mtupu. Wenye nyumba ya wageni jirani wananilalamikia kelele. Nilitaka mtihani wa kweli. Ningezizibua Jumamosi."

"Twiga alikuletea miwani."

"Nilidhani ni mchezo!"

"Mvua ikanyesha. Bado mchezo?"

"Giza lilikuwa linaingia. Ningepiga simu kwa waokoaji, kibali cha kambi kingefutwa siku hiyo hiyo. Nilisema atakuwa amejibanza mahali, wamefundishwa…"

"Wamefundishwa wabaki pale pale. Alibaki. Asubuhi ukamkuta amefungwa mguu kama unavyofundisha wewe, amefunikwa koti lenye namba ya mwenzake. Ukaona ukiacha hivyo, kila mtu atajua Twiga alimhudumia, na akishamhudumia hana sababu ya kunyamaza. Ukamfungua maiti mguu. Ukamvua koti. Ukafagia. Ukaja kutundika koti kwenye msumari wake, mfukoni hukutia mkono, ukawapa polisi mtoto mzima mzima badala yako."

"Sikumuua mtu."

"Mtoto aliyelala selo naye hakuua. Tofauti ni kwamba yeye alirudi mbio." Koleo alimgeuza kwa bega. "Mikono nyuma."

"Mbele ya wanafunzi?"

"Mbele yao hasa."

Pingu ziliposhika, kijana aliyekuwa amefungwa vijiti aliinama, akavifungua, na badala ya kuvirudisha msituni akavirusha kwa nguvu zote. Vikapita sikioni mwa Kamanda. Koleo alijifanya hakuona.

*

Simu ya mkuu wa kituo ilikuwa inalia walipofika. Mkuu alikuwa anaitazama kama nyoka. Koleo aliweka mezani ripoti ya daktari, bahasha yenye kioo, koti, na filimbi.

"Linganisha hicho kioo na fremu uliyonayo," alisema. "Halafu pokea simu yako."

Twiga alitolewa. Mama yake alikuwa ameshafika mlangoni kabla hajaitwa, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakiinamisha mpaka usawa wake na kukikagua kama nguo iliyorudishwa na mteja. Kwenye korido ya kwenda selo Kamanda aliletwa na Sajini, na kwa kuwa korido ilikuwa nyembamba, ilibidi wapishane. Kamanda alitazama ukuta.

"Pole, kijana," mkuu wa kituo alisema kutoka mlangoni kwake. "Mambo haya hutokea. Gari litawafikisha nyumbani."

Twiga alimpa kisogo. Alimgeukia Koleo.

"Kamusi alikufa saa ngapi?"

Mama yake akasema, "Mwanangu, acha." Koleo hakuwa mtu wa kupaka asali.

"Karibu na alfajiri."

Kijana alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea chenji anayojua ni pungufu.

"Ijumaa nilimwambia Kamanda. Jumamosi nikamwambia Sajini. Jumapili nikamwambia mkuu wenu. Leo nikakwambia wewe, ukasema huniamini mpaka uende uone. Maneno yalikuwa yale yale. Pale kambini tulifundishwa, ukiwa na shida, kimbia uite mtu mzima. Nilikimbia." Alivuta pumzi. "Sasa nifundisheni kitu kingine."

Korido nzima ilikuwa na watu wazima tu. Mkuu alikohoa. Sajini alitazama viatu. Koleo aliwapisha njia.

Mama yake Twiga alimshika mwanawe mkono. Gari lilikuwa limeshawashwa uani, dereva ameshafungua mlango. Wakalipita, wakatoka getini kwa miguu.